Meno yangu ni marefu na membamba: je, ndiyo sababu fizi zangu ni dhaifu?

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 26. Meno yangu mawili ya mbele juu ni marefu na membamba, yana mwanya katikati, na ufizi wake umepinda kama matao ya baraza. Dada yangu mkubwa ana meno mapana, karibu mraba, na fizi nene. Jino langu la chonge la kushoto limeanza kuonekana refu kuliko la kulia, na nikinywa maji ya baridi linashtuka. Daktari mmoja alinitazama akasema meno ya umbo hili huja na fizi dhaifu, ndivyo nilivyozaliwa. Dada yangu hutoka damu kila akipiga mswaki lakini fizi zake hazijashuka hata kidogo. Nilikuwa nataka kufunga waya meno ya chini yaliyobanana, na baadaye kuweka vinia, vile vigamba vyembamba vya kauri vinavyobandikwa mbele ya meno. Je, ni kweli umbo la jino ndilo linaloamua ufizi? Na nifanye nini?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na lile neno uliloambiwa, kwamba ndivyo ulivyozaliwa, maana naona limekuuma kuliko hayo maji ya baridi. Lina ukweli nusu. Umbo la jino na umbo la ufizi vina undugu, hilo halina ubishi. Ila undugu huo si wa karibu kiasi cha mtu kukutazama tu meno akajua ufizi wako una unene gani. Unene wa ufizi hupimwa, na katika barua yako sioni popote kwamba wako ulipimwa.

Undugu wenyewe unatoka wapi? Jino lina sehemu ya juu iliyovikwa enameli, lile gamba gumu jeupe, na lina mzizi. Zinapokutana pana mstari, na mstari huo haukuzunguka jino kwa usawa kama kamba iliyofungwa kwenye nguzo. Upande wa mdomoni umepinda kuelekea mzizini. Pembeni, jino linapotazamana na jino mwenzake, umepinda kurudi kwenye makali. Mfupa wa taya huufuata mstari huu, ukikaa kama milimita 2 nyuma yake, na ufizi huufuata mfupa. Sasa chukua jino lako: pana kwenye makali, limebanwa shingoni, karibu pembetatu iliyogeuzwa. Jino la namna hiyo mstari wake hupinda sana, mfupa ukapinda nao, na ufizi ukapata hayo matao unayoyasema. Jino la dada yako ni pana hadi shingoni; mstari wake umepinda kidogo tu, na ufizi wake unakaa kama umenyooka. Hapo hakuna la ajabu, ni ufizi kufuata mfupa uliopo chini yake.

Kuna jambo la pili, nalo ni mahali meno yanapogusana. Meno ya mraba hugusana kwa eneo refu linaloshuka hadi karibu na ufizi, kwa hiyo kile kipembe cha ufizi kinachojaza nafasi kati ya meno kina safari fupi. Meno ya pembetatu hugusana karibu na makali tu, na kipembe kina safari ndefu. Mwaka 1992 Tarnow na wenzake huko Marekani walipima umbali kutoka mahali meno yanapogusana hadi ukingo wa mfupa. Umbali ulipokuwa milimita 5 au pungufu, kipembe kilijaza nafasi karibu kila mara. Ulipofika milimita 6 kilijaza mara 56 katika 100, na ulipofika 7, mara 27 tu. Ndiyo maana mwenye meno kama yako akipoteza mfupa kidogo, matundu meusi kati ya meno humtokea mapema, na mwenye meno kama ya dada yako anaweza kupoteza kiasi kilekile pasionekane kitu.

Hadi hapo nimezungumzia umbo la ukingo wa ufizi. Unene ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi wetu, madaktari tukiwemo, tunapochanganya mambo.

Mwaka 1969 Ochsenbein na Ross walieleza aina mbili za fizi, ya matao na iliyonyooka, wakaihusisha ya matao na meno yaliyochongoka na iliyonyooka na meno ya mraba. Mwaka 1977 Weisgold akaongeza unene katika hadithi hiyo: ya matao ni nyembamba na hushuka kirahisi, iliyonyooka ni nene na hustahimili. Mwaka 1991 Olsson na Lindhe, Waswidi, waliona kwamba watu wenye meno ya mbele marefu na membamba walikuwa na fizi zilizoshuka zaidi ya wenye meno mapana. Picha ikatulia vichwani mwa madaktari: jembamba na nyembamba, pana na nene. Ni picha nzuri kukariri chuoni, nami niliikariri hivyo.

Kisha mwaka 2009 De Rouck na wenzake huko Ubelgiji wakawapima watu 100 wenye fizi zenye afya, bila kuamua kabla kwamba makundi ni mawili. Wakapata matatu. Kama theluthi moja walikuwa na meno membamba, matao makali na ufizi mwembamba. Wengi wao wanawake. Theluthi nyingine walikuwa na meno ya mraba, ukingo ulionyooka na ufizi mnene. Theluthi ya tatu ndiyo inayoweza kukuhusu wewe: meno membamba, matao makali, na ufizi mnene. Hebu lisome tena jambo hilo. Katika watu wale, ukimchukua mwenye meno membamba, nafasi ya kuwa na ufizi mwembamba na nafasi ya kuwa na ufizi mnene zilikaribia kulingana. Jino la mraba lilikuwa shahidi mzuri wa ufizi mnene. Jino jembamba halikuwa shahidi mzuri wa chochote kuhusu unene. Kwa hiyo aliyekutazama wewe akasema "fizi dhaifu" alikuwa anabahatisha, na angemtazama dada yako akasema "fizi nene" angekuwa karibu na ukweli zaidi.

Baadaye, katika mkutano mkuu wa wataalamu wa fizi wa Marekani na Ulaya wa mwaka 2017, makundi hayo matatu yalikubaliwa, na neno bayotipu likaachwa, likashikwa fenotipu. Huenda ukaona ni ubishi wa maneno tu. Mimi naona lina maana kwako. Bayotipu ni kitu ulichopewa na kimekwisha. Fenotipu ni hali inayoonekana sasa, iliyotokana na ulichozaliwa nacho pamoja na yaliyokupata, na inaweza kubadilishwa: ufizi mwembamba unaweza kunenepeshwa kwa upasuaji mdogo, na hata jino likisogezwa ndani ya mfupa, unene wa ufizi ulio mbele yake hubadilika.

Kuna mtego mwingine ambao hausemwi vya kutosha. Umbo la jino unaloliona kwenye kioo limechorwa nusu na ufizi wenyewe. Watu wengine ufizi wao haukurudi nyuma vya kutosha jino lilipoota, ukabaki umefunika sehemu ya enameli. Mtu huyo anaonekana ana meno mafupi ya mraba; ukipima hadi ule mstari wa enameli, kumbe jino ni refu la kawaida. Na kinyume chake, ufizi ukishuka mzizi hutokeza, na jino lililokuwa la wastani linaonekana refu na limebanwa shingoni. Watu husema "meno yangu yanarefuka". Hayarefuki, ufizi ndio unaoyaachia. Sasa daktari akichukua urefu huo akasema "kwa kuwa meno yako ni marefu, ndiyo maana ufizi umeshuka", amefanya matokeo kuwa sababu. Jino lako la chonge ni mfano huohuo. Unaniambia ni refu kuliko la kulia. Ni nadra mtu kuzaliwa na chonge mbili zilizotofautiana waziwazi hivyo. Yaelekea kuna lililotokea upande wa kushoto.

Na huo mwanya wako usiuhesabu kabisa katika jambo hili. Mahali penye mwanya meno hayagusani, kwa hiyo ufizi hauchongoki kipembe. Hukaa bapa kama tandiko. Ubapa huo haumaanishi ufizi mnene wala mwembamba. Ukiupenda mwanya wako kama wengi wa kwetu tunavyoupenda, uache.

Basi ufizi hupimwaje? Njia ya kila siku ni rahisi na haichukui dakika. Daktari huchukua probu, kile kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi, katikati ya upande wa mdomoni. Halafu anatazama. Kama kivuli cha kijivu cha chuma kinaonekana kupitia nyama, ufizi ni mwembamba, milimita 1 au pungufu. Kama hakionekani, ni mnene. Hupimwa jino kwa jino, maana mtu mmoja anaweza kuwa na ufizi mnene kwenye meno ya mbele juu na mwembamba kama karatasi kwenye chonge au meno ya chini.

Kwa watu wetu kuna jambo la kuangalia hapo. Fizi nyingi za Kiafrika zina weusi wa melanini, weusi wa kawaida kabisa usio ugonjwa, na weusi huo unaweza kukificha kivuli cha probu. Daktari asiyekuwa makini atasema "mnene" kwa sababu hakuona kitu. Mimi hugeuza taa ije kwa pembeni, na nikiwa bado na shaka hupaka ganzi na kupima kwa ncha ya sindano yenye kizuizi kidogo cha mpira, kisha nasoma milimita kwenye rula. Kama fizi zako zina weusi, mwombe daktari asitegemee kivuli peke yake. Na umwombe apime pia upana wa ufizi mgumu, ule usiotikisika ukivuta mdomo, hadi pale inapoanza ile ngozi laini nyekundu ya ndani ya mdomo. Jino lenye ufizi mgumu mwembamba na mfinyu ndilo la kulindwa kwanza.

Sasa hilo chonge la kushoto. Jino la chonge linakaa kwenye kona ya taya, mzizi wake umetokeza, na mfupa unaoufunika upande wa mdomoni mara nyingi ni mwembamba sana au haupo kabisa sehemu ya juu. Ufizi wake unasimama bila nguzo. Kisha mswaki unapofika kwenye kona ile, ndipo mkono unapogeuka na kukandamiza zaidi. Baadhi ya watu wanaotumia mkono wa kulia huanzia kushoto, mkono ukiwa bado na nguvu na dawa ikiwa bado nyingi. Huko Norway, Löe na wenzake waliwafuatilia wasomi waliopiga mswaki kwa bidii maisha yao yote, wakakuta fizi zimeshuka tangu ujanani, hasa upande wa nje wa meno, ingawa midomo yao ilikuwa safi. Kwa hiyo usafi wako hauna kosa. Nina shaka na nguvu ya mkono na ugumu wa mswaki.

Jaribu hili leo usiku. Shika mswaki kwa vidole kama unavyoshika kalamu, usiukamate kwa ngumi. Ulaze nyuzi zake nusu juu ya ufizi, nusu juu ya jino, kisha uzungushe kuelekea makali ya jino, kutoka ufizini kwenda jinoni, usisugue kwenda na kurudi kwa upana. Ukitazama kwenye kioo, nyuzi zisipinde kama ufagio uliochoka. Zikipinda, umekandamiza mno. Nunua mswaki laini, na mswaki ulioachama nyuzi utupe. Mkaa, majivu na chumvi ya mawe viache, vinakwangua mzizi uliokwisha kuwa wazi, na mzizi hauna enameli ya kuukinga. Kama mnatumia mswaki wa mti nyumbani, hauna ubaya, mradi uutafune hadi nyuzi zilainike na usiusugue kwenda na kurudi kwenye shingo la jino. Ule mshtuko wa maji ya baridi hupungua kwa dawa ya meno ya meno yanayoshtuka, ukiitumia kila siku kwa wiki kadhaa; usiikate baada ya siku tatu.

Ukienda kliniki, omba daktari apime milimita ngapi za mzizi ziko wazi, aandike kwenye faili na apige picha. Bila hivyo, mwaka ujao kila mtu atakuwa anakisia kama imeongezeka. Kama ufizi na mfupa kati ya meno viko salama, na kwa umri wako nina matumaini hayo, basi hata kuufunika mzizi ule tena kunawezekana: hukatwa kipande cha nyama kutoka kwenye kaakaa, kikawekwa chini ya ufizi wa chonge na kushonwa. Mfupa wa pembeni ukiwa umekwisha kupotea, ufizi haurudi wote. Lakini mzizi ulioshuka milimita moja, usioendelea, na usiokusumbua ukitabasamu, mimi kwa kawaida huuacha na kuutazama. Si kila kilichoshuka lazima kipandishwe.

Kuhusu waya, hapa ndipo naomba usiharakishe. Meno ya chini yaliyobanana hunyooshwa kwa njia mbili kubwa, kuyatafutia nafasi ndani ya safu yake, au kuyasukuma mbele. Meno ya mbele ya chini yana mfupa mwembamba sana upande wa mdomoni, na yakisukumwa nje, ufizi mwembamba unaweza kupata mpasuko. Kwa hiyo kabla ya waya kufungwa, pima unene wa ufizi wa meno yale ya chini, siyo ya juu unayoyatazama kwenye kioo. Ukikutwa mwembamba, muulize daktari wa kupanga meno atayapeleka wapi. Akikuambia ni mbele, muulize kama unapaswa kuongezewa ufizi kwanza. Kupandikiza kabla ni kazi ndogo kuliko kurekebisha baadaye.

Vinia, ushauri wangu ni usubiri hadi waya itoke na ufizi utulie. Ukija kuweka, mipaka ya vinia ibaki juu ya ufizi au sawa nao. Kati ya ukingo wa mfupa na sehemu ya chini ya ule mfereji mdogo ulio kati ya jino na ufizi, mwili huhitaji kama milimita 2 za nyama iliyoshikamana na jino. Ukichimba mpaka ukaingia humo, ufizi mwembamba hujibu kwa kukimbia, na ile kauri uliyolipia inaacha mstari ulio wazi. Na kama unataka vinia ili meno yaonekane mafupi, pima kwanza kama urefu huo ni wa jino au ni wa ufizi uliosogea. Mara nyingi ukitibu ufizi, hamu ya vinia inaisha.

Nimefikiria sana habari za dada yako. Umeandika kama kwamba yeye amesalimika, na naona hata wewe umemwonea wivu kidogo. Lakini mtu mwenye ufizi mnene akipata ugonjwa wa fizi, ufizi wake mara nyingi haushuki; huvimba, hutoka damu, na chini yake hufunguka mfuko wa bakteria, na mfupa huliwa kimyakimya. Kwa nje hakuna kitu kinachoonekana. Kwako ufizi ulishuka ukakuonya mapema, ukaniandikia. Yeye anatoka damu kila siku, na meno yake ya mraba yanamwambia yuko salama. Mfikishie barua hii, mwende pamoja, na yeye ndiye akae kwenye kiti kwanza. Daktari aingize probu kuzunguka kila jino, pande zote, aandike vina. Kina kikifika milimita 4 au zaidi na damu ikitoka, asafishwe ugaga hadi chini ya ufizi na apimwe tena baada ya miezi mitatu.